Einstein pia alitarmac, kisha akapima sukari

Albert Einstein unamjua kwa zile nywele. Lakini kazi iliyompa udaktari ilihusu kitu unachokiona kila siku kwenye vibanda vya chai pale Karatina: sukari kwenye maji.

Alizaliwa Ulm, Ujerumani, 1879. Akamaliza chuo Zurich mwaka 1900, halafu akatarmac karibu miaka miwili. Barua za kuomba kazi alituma nyingi, akawa anaishi kwa kufundisha tuisheni. Wewe uliyemaliza Chuo cha Dedan Kimathi na bado unazunguka mjini Nyeri na bahasha, unamwelewa. Mwishowe babake rafiki yake, Marcel Grossmann, alimsaidia kupata nafasi katika ofisi ya hataza mjini Bern, 1902. Naam, kujuana kulikuwepo hata Uswisi.

Hapo, akiwa mfanyakazi wa daraja la tatu mwenye mke na mtoto mchanga, aliandika tasnifu yake ya 1905. Hoja ni hii. Ukitia sukari kwenye maji, maji yanakuwa mazito kidogo, na sukari inasambaa kwa kasi fulani. Pima hayo mawili, na utakadiria ukubwa wa molekuli moja ambayo hakuna jicho lingeiona. Chembe kubwa husonga polepole, kioevu kizito huichelewesha, joto huiharakisha. Kwenye maji baridi ya Julai kule Kiganjo, sukari husambaa kwa uvivu kweli.

Shida ni kwamba hesabu yake ilikuwa na kosa. Miaka michache baadaye, vipimo kutoka maabara ya Jean Perrin mjini Paris vilikataa kulingana na fomula. Einstein, sasa profesa, hakung'ang'ania. Alimwomba Ludwig Hopf, aliyekuwa mwanafunzi wake, aipitie upya. Kosa likapatikana, akalisahihisha hadharani 1911, na molekuli ya sukari ikapungua ukubwa!

Alifariki Princeton, Marekani, Aprili 1955. Kanuni yake ya mwendo bado iko kazini. Leo mtafiti huibandika protini rangi inayong'aa, akaitazama ikipita kwenye mwanga wa leza. Protini hiyo huogelea katika maji yenye chumvi na kemikali za kuzuia asidi isipande wala kushuka. Badilisha chumvi, protini zaweza kushikana na kwenda polepole. Ongeza gliseroli, mwendo unapungua ilhali protini ni ileile. Kwa hiyo hupima kwanza rangi peke yake ndani ya maji hayohayo: ikiwa nayo imechelewa, lawama ni ya maji, si ya protini.