Alan Charig: Mtafiti wa Mifupa ya Bonde la Ruhuhu Aliyetetea Ushahidi wa Mageuko ya Viumbe

Na Mwandishi Wetu, Tandala

WATAZAMAJI wa televisheni nchini Uingereza katika miaka ya 1970 walimfahamu Dkt. Alan Jack Charig kuwa mtaalamu aliyewaeleza habari za dinosaria kwa lugha nyepesi. Wanasayansi wenzake walimfahamu kuwa msimamizi makini wa visukuku vya reptilia na ndege katika Makumbusho ya Historia ya Asilia jijini London. Kwa wananchi wa Mkoa wa Njombe, kuanzia Tandala wilayani Makete hadi Manda wilayani Ludewa, mtafiti huyo ana umuhimu wa namna nyingine. Safari yake ya kitaaluma ilianzia kwenye mifupa iliyotoka bonde la Mto Ruhuhu, na mifupa hiyo ingali na nafasi kubwa katika mjadala wa kisayansi kuhusu ushahidi wa mageuko ya viumbe.

Mageuko ya viumbe ni nadharia inayoeleza kwamba aina za viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, na kwamba viumbe wa leo wana asili moja na viumbe waliotoweka zamani. Mwanasayansi Charles Darwin alipoichapisha nadharia hiyo mwaka 1859, wapinzani wake waliuliza swali la haki: iwapo ndege walitokana na wanyama wa jamii nyingine, yako wapi mabaki ya viumbe wa kati? Swali hilo hujibiwa kwa visukuku, yaani mabaki au alama za viumbe wa kale zilizohifadhiwa ndani ya miamba. Maisha ya Charig yalikuwa kazi ya kutafuta, kulinda na kupima majibu hayo.

Makaa ya mawe yafungua njia

Mto Ruhuhu huteremka kutoka nyanda za juu za Njombe na kuingia Ziwa Nyasa karibu na Manda. Bonde lake, ambalo leo limo katika mikoa ya Njombe na Ruvuma, lina miamba ya mchanga na tope iliyojilundika kwa tabaka katika kipindi kirefu. Ni miamba ya kundi hilohilo iliyobeba makaa ya mawe ya Mchuchuma.

Mjiolojia G. M. Stockley, aliyekuwa mtumishi wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika, alichunguza makaa ya mawe ya bonde hilo na kuchapisha taarifa yake mwaka 1932. Katika kazi hiyo alikutana pia na mifupa iliyogeuka jiwe. Habari hizo zilimvuta Francis Rex Parrington wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye mwaka 1933 alifika Ruhuhu, akakusanya visukuku vingi na kuvisafirisha hadi Uingereza.

Jambo lililowavutia wataalamu lilikuwa mpangilio wa tabaka hizo. Tabaka za chini zina mabaki ya wanyama walioishi kabla ya maangamizi makubwa ya viumbe yaliyotokea takribani miaka milioni 252 iliyopita. Tabaka za juu, zinazojulikana kitaalamu kwa jina la Manda, zina wanyama tofauti, wakiwamo jamaa wa kale wa mamba na wa dinosaria. Hivyo, anayepanda kutoka tabaka la chini kwenda la juu hupita kutoka kundi moja la wanyama hadi jingine. Mfuatano wa aina hiyo, unaorudiwa katika mabara mengine, ni miongoni mwa ushahidi mkuu unaotumiwa na wanasayansi kuthibitisha kwamba uhai duniani umebadilika.

Mwanafunzi na masanduku ya mifupa

Charig alizaliwa Uingereza mwaka 1927. Baada ya utumishi wa jeshi, alisoma elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na kwa shahada yake ya uzamivu akawa mwanafunzi wa Parrington. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa kuichambua mifupa ya reptilia wa tabaka za Manda iliyoletwa kutoka Ruhuhu.

Tasnifu yake ilikamilika mwaka 1956. Ndani yake aliwaeleza wanyama ambao sayansi haikuwa imewatambua, na akawapendekezea majina, likiwamo Teleocrater kwa mnyama mmoja na Mandasuchus kwa mwingine, jina la pili likitokana na Manda yenyewe. Baadaye alilitaja pia jina Nyasasaurus, kwa heshima ya Ziwa Nyasa. Hata hivyo, maelezo kamili ya wanyama hao hayakuchapishwa katika uhai wake. Kwa utaratibu wa sayansi, jina lisilochapishwa pamoja na maelezo kamili halihesabiwi kuwa rasmi. Kwa miongo mingi wanyama hao wa Ruhuhu walibaki wakitajwa na wataalamu bila kutambuliwa rasmi.

Baada ya kufundisha kwa muda Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, Charig aliajiriwa na Makumbusho ya Historia ya Asilia mwaka 1957. Huko alikuja kuwa msimamizi wa visukuku vya amfibia, reptilia na ndege. Hakuiacha Ruhuhu. Mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa wataalamu wa msafara wa pamoja wa makumbusho hayo na Chuo Kikuu cha London, uliofanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, sasa Zambia, na Tanganyika. Msafara huo uliongeza visukuku vingi kutoka bonde hilo.

Mchango wake mwingine ulihusu namna wanyama wa kale walivyosimama. Alionesha kwamba mjusi hutanua miguu pembeni mwa mwili, mamba huweza kuuinua mwili wake kwa kiasi anapotembea, na dinosaria alikuwa na miguu iliyonyooka chini ya mwili kama nguzo za nyumba. Tofauti hizo husomeka katika mifupa ya nyonga, paja na kifundo cha mguu. Kwa njia hiyo, kipande cha mfupa kisichovutia macho kingeweza kueleza mwendo wa mnyama mzima na ukoo wake.

Charig aliamini kwamba elimu hiyo ni mali ya umma. Mwaka 1975 aliongoza kipindi cha mfululizo cha televisheni ya BBC kuhusu viumbe wa kale, na mwaka 1979 alitoa kitabu kuhusu dinosaria kilichosomwa na watu wasio wataalamu.

Tuhuma ya kughushi

Mtihani mkubwa wa maisha yake ulikuja katikati ya miaka ya 1980. Miongoni mwa vitu vilivyokuwa chini ya uangalizi wake ni kisukuku cha Archaeopteryx, kiumbe aliyeishi takribani miaka milioni 150 iliyopita katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Ujerumani. Kiumbe huyo alikuwa na meno, kucha katika mabawa na mkia mrefu wa mifupa kama reptilia, lakini pia alikuwa na manyoya kama ndege. Kisukuku hicho kiligunduliwa mwaka 1861, miaka miwili tu baada ya kitabu cha Darwin, na makumbusho yakakinunua mwaka 1862 chini ya Richard Owen, msomi ambaye mwenyewe hakukubaliana na maelezo ya Darwin. Kwa zaidi ya karne moja kilitajwa kuwa mfano bora wa kiumbe wa kati.

Mwaka 1985, mwanafalaki mashuhuri Fred Hoyle, Chandra Wickramasinghe na wenzao walitangaza kwamba manyoya hayo yalighushiwa. Walidai kwamba mtu alichukua kisukuku halisi cha reptilia, akapaka juu yake rojo la jiwe la chokaa lililosagwa, kisha akagandamiza manyoya ya ndege wa kisasa. Hoyle hakusukumwa na hoja ya dini. Yeye na Wickramasinghe walikuwa na nadharia yao kwamba chembe za uhai hutoka angani na kusababisha mabadiliko ya ghafla ya viumbe duniani, na ndege wa kale kiasi hicho hakuoana nayo.

Tuhuma hiyo ilikuwa nzito. Kama ingethibitika, makumbusho yangeonekana kuwa yamehifadhi udanganyifu kwa zaidi ya miaka 120, na kila aliyetilia shaka visukuku vingine angekuwa na hoja mkononi. Charig angeweza kujibu kwa kutegemea cheo chake na sifa za taasisi yake. Badala yake, yeye na wenzake wanne waliuchunguza upya mwamba wenyewe, kana kwamba hawakuwa na jibu.

Kisukuku hicho kimo katika mabamba mawili ya jiwe yanayofunikana kama kurasa mbili za kitabu kilichofungwa. Wachunguzi walikuta nyufa nyembamba kama unywele zikipita katika sehemu zenye manyoya, na zikilingana katika mabamba yote mawili. Walikuta pia alama za madini zenye umbo la matawi ya mti, zilizoota kabla mwamba haujapasuliwa, nazo zikalingana pande zote mbili. Rojo lililopakwa baadaye lingezifunika nyufa na alama hizo. Aidha, hawakuona dalili ya rojo lolote. Zaidi ya hayo, vielelezo vingine vya kiumbe huyo, kikiwamo kile maarufu cha Berlin, vilikuwa na manyoya vilevile.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986 katika jarida la kisayansi la Science, na mwaka 1987 makumbusho yaliandaa maonesho ili wananchi waujue mjadala huo na ushahidi wake. Wanasayansi wa fani hiyo waliyakubali matokeo, na tuhuma ikakosa mashiko.

Haki yapatikana baada ya kifo

Charig alifariki dunia Julai 1997 akiwa na umri wa miaka 70. Mifupa ya Ruhuhu aliyoisoma akiwa kijana ilikuwa bado imehifadhiwa, na uhifadhi huo ndio uliowezesha kazi yake kukamilishwa na wengine.

Kuanzia mwaka 2007, watafiti wa kimataifa walirejea kusini mwa Tanzania. Mwaka 2010 walimtangaza mnyama mpya wa tabaka za Manda, jamaa wa karibu wa dinosaria, na kumpa jina la Asilisaurus kongwe, ambalo ndani yake mna maneno mawili ya Kiswahili, asili na kongwe. Mwishoni mwa mwaka 2012 Nyasasaurus alitambuliwa rasmi. Mnyama huyo anakadiriwa kuishi zaidi ya miaka milioni 240 iliyopita, na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu kabisa. Wataalamu wameacha uwezekano wote mawili wazi, kwa kuwa mifupa iliyopatikana ni michache.

Mwaka 2017 ikafika zamu ya Teleocrater. Mifupa iliyokusanywa na Parrington ilikosa kifundo cha mguu, sehemu muhimu ya kutambua ukoo wake. Mwaka 2015 watafiti walipata mabaki mengine katika bonde hilohilo, na kifundo kikapatikana. Ilibainika kwamba mnyama huyo ni wa tawi lililozaa dinosaria na ndege, ilhali alitembea kwa miguu minne na kifundo chake kilifanana na cha mamba. Wataalamu wengi walikuwa wametarajia kwamba wanyama wa mwanzo wa tawi hilo walikuwa wadogo na walitembea kwa miguu miwili. Mfupa kutoka Tanzania uliwalazimu kuyasahihisha matarajio yao. Mandasuchus naye alitambuliwa rasmi mwaka 2018. Katika kuwatangaza Nyasasaurus, Teleocrater na Mandasuchus, jina la Charig liliwekwa miongoni mwa waandishi, ingawa alikuwa amekwisha kufariki.

Funzo kwa wananchi

Mwananchi anaweza kuwa na imani yake kuhusu asili ya uhai, na imani hiyo ni haki yake. Lakini mjadala wa ushahidi una kanuni moja inayomhusu kila mtu: kitu kinachobishaniwa lazima kiwepo, kiwe salama, na kiweze kuchunguzwa tena na yeyote mwenye ujuzi, hata asiyekubaliana nasi. Tuhuma ya mwaka 1985 ilijibiwa kwa sababu mabamba yote mawili yalikuwa yamehifadhiwa. Teleocrater alitambuliwa baada ya miaka 84 kwa sababu mifupa ya mwaka 1933 haikupotea.

Wajibu huo si wa wataalamu peke yao. Mwaka 1983, fundi bomba mmoja aliokota ukucha mkubwa katika machimbo ya udongo kusini mwa Uingereza na taarifa ikafika kwa Charig na wenzake. Kutokana na ukucha huo, mwaka 1986 Charig na Angela Milner walimtangaza Baryonyx, dinosaria mla samaki ambaye sayansi haikuwa ikimjua.

Visukuku vya Manda vilivyokusanywa katika miaka ya karibuni vinahifadhiwa Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam, tofauti na vile vya mwaka 1933 vilivyopelekwa ng'ambo. Visukuku vya wanyama ni miongoni mwa mali za kale zinazolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333. Mkulima, mchimbaji au mfugaji wa Ludewa, Makete au kwingineko anayekutana na jiwe lenye umbo la mfupa anashauriwa asilivunje wala kulihamisha, bali akumbuke mahali lilipo na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au ofisi ya wilaya. Mfupa uliohamishwa bila kumbukumbu ya tabaka lake hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake, na hakuna mtaalamu anayeweza kuurejesha.