Robert Innes: Muuza mvinyo aliyemgundua jirani wa Jua

MTU akitazama kusini kutoka Kahororo, mjini Bukoba, saa tatu usiku mwezi Juni, huona nyota mbili angavu zilizokaribiana. Ile ya kushoto ni Alpha Centauri. Kwa macho ni nyota moja. Kwa darubini ni mbili. Ya tatu, hafifu mno, iligunduliwa mwaka 1915 na Robert Innes akiwa Johannesburg, Afrika Kusini.

Innes alizaliwa Edinburgh, Uskochi, Novemba 10, 1861. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akajifunza mwenyewe hisabati ya anga. Alihamia Sydney, Australia, ambako mchana aliuza mvinyo na usiku alitafuta nyota pacha. Mwaka 1896 aliiacha biashara hiyo akakubali kazi ya ofisini katika kituo cha nyota cha Rasi ya Tumaini Jema. Mwaka 1903 alikabidhiwa kituo cha Johannesburg.

Kazi yake ilidai subira. Kwa kila jozi hupimwa umbali baina ya nyota na mwelekeo wake, na vipimo hurudiwa miaka mingi hadi njia ya mzunguko ijulikane. Nyota mbili za Alpha Centauri huzungukana kwa takriban miaka 80. Innes aligundua jozi zaidi ya 1,600.

Alipolinganisha picha za anga zilizopigwa kwa kupishana miaka mitano, aliona nyota hafifu ikisogea sawia na Alpha Centauri. Alipendekeza iitwe Proxima, yaani ya karibu zaidi. Iko umbali wa miaka ya nuru 4.24, na hakuna nyota iliyo karibu zaidi na Jua.

Innes alistaafu mwaka 1927 na kufariki dunia Uingereza Machi 13, 1933, ikiwa bado haijulikani kama Proxima imefungamana na jozi ile au inapita tu. Watengenezaji wa programu za kompyuta zinazoigiza anga, kama Celestia iliyotolewa mwaka 2001, hawawezi kulikwepa swali hilo: nyota hupewa kitovu cha kuzunguka, au huachwa isafiri peke yake.

Jibu lilipatikana mwaka 2017, baada ya kasi ya Proxima kupimwa kwa usahihi. Imefungamana nazo, na mzunguko wake mmoja huchukua takriban miaka 550,000. Kompyuta huuonyesha kwa dakika chache, lakini chanzo chake ni picha mbili alizolinganisha mtu aliyeacha shule akiwa mtoto.