Eduard Rüppell na mbwa mwitu wa milima ya Ethiopia

Jina la Eduard Rüppell linajulikana Afrika Mashariki kupitia tumbusi wa Rüppell, ndege anayezunguka juu ya mizoga Serengeti na Masai Mara. Katika nchi jirani ya Ethiopia, mtaalamu huyo ndiye aliyemtambulisha kwa sayansi mbwa mwitu wa Ethiopia, mnyama ambaye leo idadi ya waliokomaa haifiki 500.

Rüppell alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 20 Novemba 1794, katika familia ya mwenye benki, naye alitarajiwa kurithi biashara. Safari ya Sinai mwaka 1817 iliugeuza moyo wake. Alijifunza elimu ya mimea na wanyama nchini Italia, kisha akazunguka Misri, Sinai, Nubia na Kordofan hadi 1827, akipeleka vielelezo katika makumbusho ya Senckenberg mjini kwao.

Safari yake ya pili ilianza 1830. Alishuka bandari ya Massawa, akapanda milima ya Simien, akafika Gondar na kurejea Ulaya 1834. Mwaka 1839 alitunukiwa nishani ya dhahabu na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Katika kitabu chake kuhusu wanyama wa Uhabeshi, kilichotoka sehemu kwa sehemu kati ya 1835 na 1840, alimpa mbwa mwitu huyo jina la Canis simensis, kwa kumbukumbu ya Simien.

Rüppell alifariki Frankfurt tarehe 10 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka 90. Alimjua mnyama huyo kwa umbo: manyoya mekundu, miguu mirefu na pua iliyochongoka. Maisha ya kundi na desturi zake za kupandana hazikufahamika vyema ila baada ya zaidi ya karne moja, watafiti walipopiga kambi katika milima ya Bale.

Walibaini kwamba katika kila kundi ni jike kiongozi ndiye anayezaa, mara moja kwa mwaka. Msimu wa kupandana ni kati ya Agosti na Novemba. Ukikaribia, jike huyo huongeza kuweka alama za harufu mipakani, humchezea dume kiongozi na kumwomba chakula, huku akiwakandamiza majike wengine. Ndani ya kundi humkubali dume kiongozi pekee, lakini huwapokea pia madume wa makundi jirani. Kwa kuwa madume hubaki walikozaliwa, desturi hiyo hupunguza kuzaana ndugu kwa ndugu. Watoto, kwa kawaida 2 hadi 6, huzaliwa baada ya siku 60 hivi na kulishwa na kundi zima.

Desturi hiyo hiyo sasa ina hatari yake. Mashamba na mifugo vimepanda milimani pamoja na mbwa wa vijijini, na huko Bale majike wamewahi kupandwa na mbwa hao na kuzaa machotara. Mbwa hao huleta pia kichaa cha mbwa, kilichoua mbwa mwitu wengi miaka ya 1990 na tena 2003. Ndiyo maana kazi ya kumhifadhi mnyama wa Rüppell huanzia vijijini, kwa kuwachanja mbwa wa wafugaji.