Alessandro Volta na Kuchakaa kwa Betri

Ikiwa unaishi Mohoro, au mahali pengine karibu na delta ya Rufiji, bila shaka umewahi kuchomeka kijiti katika matope ya bwawa, ukaona mapovu yakipanda juu ya maji. Mapovu hayo ni gesi. Mwaka 1776 mtu mmoja alifanya kama ulivyofanya wewe, kando ya ziwa Maggiore huko Italia. Lakini yeye aliyakinga mapovu katika chupa, akayawasha moto, nayo yakawaka. Alikuwa amegundua gesi ya methani. Jina lake ni Alessandro Volta.

Volta alizaliwa tarehe 18 Februari, 1745, katika mji wa Como. Inasimuliwa kuwa alichelewa sana kusema, hata jamaa zake wakadhani ni mjinga. Baadaye akawa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia, akafundisha huko miaka mingi.

Mwaka 1791 daktari Luigi Galvani wa mji wa Bologna alitangaza jambo la ajabu. Miguu ya chura aliyekufa ilirukaruka ilipoguswa na metali mbili za namna tofauti. Galvani aliamini kuwa umeme ulitoka katika mwili wa chura. Volta alikubali mwanzoni, kisha akaingiwa na shaka. Aliweka metali mbili tofauti juu na chini ya ulimi wake mwenyewe, akazigusanisha, akaonja ladha kali. Hapo hapakuwa na chura! Basi, alisema Volta, umeme hutokana na metali mbili za namna tofauti. Wataalamu hao wawili walibishana miaka mingi, na Galvani alifariki mwaka 1798 kabla ya ubishi kwisha. Tusimdharau Galvani, kwani leo twajua kuwa misuli ya wanyama ina umeme wake pia.

Ili kuthibitisha maneno yake, Volta alipanga visahani vya fedha na vya zinki, kimoja juu ya kingine, na katikati akatia vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Aliyegusa juu na chini ya rundo hilo kwa mikono yenye maji alishtuliwa. Mwezi Machi mwaka 1800 aliandika barua London kueleza kifaa chake. Hiyo ndiyo betri ya kwanza duniani. Mwaka uliofuata aliionyesha mbele ya Napoleon mjini Paris.

Hata hivyo, betri ya Volta ilichakaa upesi. Uzito wa visahani ulikamua maji ya chumvi, vitambaa vikakauka, na zinki ikaliwa kidogo kidogo. Kila betri iliyotengenezwa tangu siku hizo huchakaa pia, ila kwa njia yake.

Chukua mfano wa kompyuta mpakato iliyo katika ofisi ya shule. Ndani yake mna betri ya lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1991. Unapoichaji, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja wa betri kwenda wa pili, unapoitumia, hurudi. Lakini si zote zirudizo. Chache hunaswa katika utando mwembamba unaoota ndani ya betri, na utando huo huongezeka siku hata siku. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500 hivi, betri nyingi hubakiwa na asilimia 80 tu ya nguvu zake za awali. Joto huharakisha jambo hili. Kwa hiyo, katika jua la pwani, usiiache kompyuta dirishani wala juu ya godoro, na usiiache kwenye umeme mchana na usiku huku betri imejaa.

Utajuaje kuwa wakati wa kuibadilisha umefika? Tumia saa. Kama betri ilipokuwa mpya ilidumu saa nne, na sasa haifiki mbili, imezeeka. Iwapo kompyuta huzimika ghafula ingawa inaonyesha kuwa chaji ingalipo, betri haiaminiki tena. Lakini ukiona imevimba, usingoje kupima. Mwambie mwalimu mara moja, kompyuta izimwe, isichajiwe tena. Usiitoboe betri hiyo wala kuitupa motoni, kwa sababu hushika moto kwa nguvu na kutoa moshi wenye sumu.

Volta alifariki tarehe 5 Machi, 1827, mjini Como. Mwaka 1881 wanasayansi walikubaliana kuwa kipimo cha msukumo wa umeme kiitwe volti, kwa heshima yake. Tazama betri ndogo ya tochi ya nyumbani kwenu, utaona imeandikwa 1.5 V. Herufi hiyo ni ya jina lake.

Maswali
1. Kwa nini Volta alitumia ulimi wake katika jaribio?
2. Betri ya Volta na betri ya lithiamu huchakaaje? Eleza tofauti.
3. Betri mbili za tochi zikipangwa moja nyuma ya nyingine hutoa volti ngapi?