Stanley na Kigari Chake

Katika somo la fizikia tumefundishwa ya kuwa gari hupingwa na hewa, na kwamba gari la zamani lenye umbo la sanduku hupingwa zaidi kuliko lenye bodi laini. Niliposoma maisha ya Henry Morton Stanley, aliyepata kukaa hapa Tabora, niliona ya kuwa yeye pia alitafuta umbo la gari lisilopingwa. Ila mpinzani wake hakuwa hewa, bali miti, nyasi na matope.

Bwana huyu alizaliwa Wales mwaka 1841, akalelewa katika nyumba ya maskini. Baadaye alikwenda Marekani, akawa mwandishi wa gazeti la New York Herald. Gazeti hilo lilimtuma kumtafuta Dakta Livingstone, naye akaondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871.

Kwa kuwa njia ya misafara ilikuwa nyembamba, alifanyiza kigari chenye urefu wa futi 5 na upana wa inchi 18 tu. Alipiga hesabu hivi: punda hubeba frasila 4 mgongoni, akivuta kigari atachukua frasila 8, yaani mizigo ya wapagazi wanne. Hesabu ilikuwa nzuri, lakini njia haikuikubali. Kabla ya kufika Ugogo, alimwona mpagazi wake mmoja akija na kigari kizima kichwani, magurudumu na yote, maana kukibeba kulikuwa rahisi kuliko kukivuta. Stanley akakiacha katika matete.

Alifika Tabora mwezi Juni, akakaa Kwihara, na mwezi Novemba akamkuta Livingstone Ujiji.

Mwaka 1874 alirudi na mashua ya vipande, Lady Alice. Vipande vile vilikuwa vizito na vipana mno. Lakini mara hii alivipunguza kule Unguja, kabla ya safari. Wapagazi wakavibeba mpaka Ziwa Victoria, na mwaka 1875 mashua ikalizunguka ziwa. Wengi wa watu wake walikufa kabla ya safari ile kwisha mwaka 1877.

Baadaye alimtumikia Mfalme Leopold huko Kongo, kazi iliyowaletea wenyeji mateso makubwa. Alikufa London mwaka 1904.

Wenzangu, tukitaka kutengeneza gari, tupige hesabu zetu, kisha tumwulize anayeijua njia.