Nathaniel Baldwin: fundi wa kaski aliyefanya kazi jikoni, na ampli tunazotafuta leo

Kijana wa Kasongo au Kabambare anapata kaski nzuri ya mitumba, imeandikwa ohm 250 au 300. Anaichomeka kwenye telefone, anapandisha sauti mpaka mwisho, lakini muziki unasikika chini kama unatoka nyumba ya jirani. Kaski si mbovu. Inaomba ampli. Sababu yake inaonekana vizuri katika maisha ya Mmarekani mmoja, Nathaniel Baldwin, ambaye kaski zake zilikuwa na ohm nyingi kuliko hizo na bado hazikuhitaji ampli.

Baldwin alizaliwa mwaka 1878 Fillmore, mji mdogo wa jimbo la Utah. Alisomea mambo ya umeme mpaka Chuo Kikuu cha Stanford, akarudi kwao kufundisha. Kazi hiyo aliipoteza kwa kutetea ndoa ya wake wengi, ambayo kanisa lake la Wamormoni lilikuwa limeshaikataza. Kilichomsukuma kwenye ufundi wa sauti ni shida ya kawaida: katika kanisa kubwa hakusikia vizuri mahubiri. Kwanza alijaribu kukuza sauti kwa hewa iliyoshindiliwa, kisha akageukia kifaa cha kuvaa masikioni.

Makampuni yalimkataa. Mwaka 1910 alituma jozi moja kwa Jeshi la Majini la Marekani, pamoja na barua ya mkono. Maofisa walipokea mzigo bila matumaini makubwa, wakajaribu, wakakuta kaski hizo zinashinda zile walizokuwa nazo. Wakataka nyingi. Jibu la Baldwin liliwashangaza: hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mara moja, maana kiwanda chake ni jiko la nyumbani.

Siri ilikuwa kwenye waya. Chini ya kila sikio alikunja waya mwembamba wa shaba wa karibu maili moja, yaani zaidi ya kilometa moja na nusu. Redio za wakati ule nyingi hazikuwa na betri ya kukuza sauti. Zilitegemea umeme mdogo sana ulionaswa na antena. Nguvu ya sumaku ya waya hutokana na wingi wa mizunguko pamoja na umeme unaopita. Umeme ukiwa haba, unaongeza mizunguko. Waya mrefu na mwembamba nao huzuia umeme, na kizuizi hicho, tunachokiita impedansi, hupimwa kwa ohm. Kaski za redio za enzi ile zilifika ohm 2000.

Huku kwetu pia kazi hiyo ilifanyika. Wabelgiji walipojenga vituo vya TSF katika Kongo, Kindu na Kongolo vilikuwa kwenye mstari huo, Kasongo ikiwa katikati yao. Mtu wa zamu alikaa na kaski kichwani akitafuta mlio mwembamba wa Morse katikati ya ngurumo za radi.

Kwa nini basi kaski ya leo ya ohm 300 inalala, na ile ya ohm 2000 iliamka? Kwa sababu Baldwin alitafuta usikivu tu. Kaski yake ilifaa Morse na maneno, lakini besi ya rumba ingepotea kabisa. Kaski za leo zinatoa sauti zote, nzito na nyembamba, na gharama yake ni kutaka volti zaidi.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza pesa. Maboksi ya ampli hutangaza miliwati kubwa, lakini mara nyingi zimepimwa kwa kaski ya ohm 32. Wewe mwenye ohm 300, uliza volti. Telefone nyingi hutoa kati ya nusu volti na volti moja. Volti moja kwenye ohm 32 ni miliwati 31. Kwenye ohm 300 ni 3 tu na kidogo. Tafuta kifaa kinachofika volti 2 kwa kaski za ohm 250 na 300, na karibu volti 4 kwa zile za ohm 600.

Kabla ya ampli kubwa, jaribu kwanza kile kifaa kidogo cha USB-C chenye tundu la kaski. Ng'ambo vingine huuzwa kwa karibu dola 10, na kikikutosha umemaliza. Kisipotosha, chukua ampli yenye betri inayochajiwa kwa USB, maana itachajiwa na paneli ya jua kama telefone. Ile ya kuchomeka ukutani tu itakuwa pambo pale umeme usipokuwepo. Fundi redio mwenye mkono mwepesi naye anaweza kuunda ampli ndogo kwa betri ya volti 9 na chipi moja ya kukuza sauti, na ikapita volti 2. Mimi ningeanza na fundi huyo.

Turudi Utah. Jeshi lilimshauri Baldwin asajili hati ya ubunifu wa mkanda wake wa kichwani, vyuma viwili vilivyovikwa ngozi. Alikataa, akiona ni kitu kidogo mno. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaleta oda nyingi, redio za nyumbani zikafuata, na mwaka 1922 kiwanda chake kilikuwa na karibu wafanyakazi 150. Pesa aliwagawia wenzake wa imani waliofukuzwa na kanisa kwa ajili ya wake wengi, akawapa na kazi. Mwaka 1924 kampuni ilifilisika. Baadaye biashara ya hisa zilizouzwa kwa njia ya posta ilimpeleka mahakamani kwa udanganyifu, na akafungwa kama miaka miwili katika jela ya kisiwa cha McNeil. Alikufa mwaka 1961 akiwa maskini. Wakati huo viwanda vya Marekani na Ujerumani vilikuwa vimeshaanza kuuza kaski za kusikilizia muziki nyumbani.