Profesa Abel Wolman: Aliyeyapima Maji ya Miji

Wako watu ambao majina yao hayatajwi barazani, lakini kazi yao imo katika kila nyumba. Mmoja wao ni hayati Profesa Abel Wolman, mhandisi wa maji na usafi wa mazingira, aliyefariki mwaka 1989 akiwa na umri wa miaka 96. Hakuwa mtu wa pwani yetu. Alikuwa Mmarekani wa Baltimore, mji wa bandari kama ulivyo wetu. Lakini mtu anayekaa Kibarani, kama mimi, ana sababu ya kumjua kuliko wengi, kwani hapa ndipo yanapoonekana waziwazi mambo mawili aliyoyahangaikia maisha yake yote: maji yanayoingia mjini, na taka zinazotoka.

Alizaliwa tarehe 10 Juni, 1892. Wazazi wake walikuwa Mayahudi waliohama Poland, na watoto nyumbani walikuwa sita. Abel alitamani kuwa daktari. Ikasadifu kwamba Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, hapo hapo Baltimore, kilikuwa kinaanzisha masomo ya uhandisi, na jamaa zake wakaona huko ndiko kwenye riziki. Akapata shahada ya kwanza mwaka 1913, na mwaka 1915 akawa miongoni mwa wanne wa mwanzo kuhitimu uhandisi chuoni hapo. Basi akakosa kutibu watu mmoja mmoja, akaja kutibu miji.

Zama hizo miji ya Marekani ilikuwa ikiuawa na maji yake yenyewe. Homa ya matumbo ilibeba wazee na watoto, matajiri na mafakiri. Sisi nasi msiba huo tuliuonja. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kilifagia watu wengi Unguja, na katika miaka iliyofuata Sayyid Barghash bin Said alivuta maji ya chemchemi ya Chemchem kwa mabomba hadi mjini, apate kila mtu. Mfalme yule alikwishakaa Bombay, akajua mji mkubwa hauwezi kutegemea visima vilivyochimbwa karibu na vyoo.

Dawa ya klorini ilikuwa imekwisha kujulikana kabla ya Wolman. Mji wa Jersey City uliitia katika maji yake tangu mwaka 1908. Tatizo lilikuwa kipimo. Ikipungua, vijidudu vinabaki na watu wanakufa. Ikizidi, maji hayanyweki na watu wanarudi kwenye visima vibovu. Kila mji ulikisia kwa namna yake.

Wolman, akiwa kijana katika idara ya afya ya jimbo la Maryland, alishirikiana na mkemia Linn Enslow. Mwaka 1919 wakatangaza njia ya kulijua jambo hilo kwa hesabu. Mpishi anajua chumvi ya sufuria ya nyumbani haitoshi sufuria ya harusi, na tena wali na mchuzi havili chumvi sawa. Maji nayo ni hivyo hivyo. Maji ya mto yenye tope hula dawa nyingi kabla haijawafikia wadudu, na maji safi ya chemchemi hula kidogo. Lazima kwanza yapimwe maji yenyewe yanataka kiasi gani, kisha iongezwe kidogo itakayobaki. Njia hiyo ikaenea, na pamoja na kuchuja maji ikaisukuma homa ya matumbo nje ya miji.

Nimewasikia wazee wa Mji wa Kale wakilalamika kwamba maji ya bomba yana harufu, na kwamba maji ya kisima cha msikiti ndiyo yaliyokuwa maji hasa. Malalamiko yao nayaelewa. Lakini harufu ndogo ile ina maana yake. Dawa hubakizwa makusudi, ili mdudu akiingia njiani penye bomba lililopasuka amkute mlinzi macho. Na mlinzi huyo ana kiasi cha nguvu zake. Mifereji ikikaa kavu siku kadhaa, kama tunavyoijua sisi, bomba lililotoboka hunyonya uchafu wa ardhini, na maji yanaporudi huja nao. Kwa hiyo maji ya mgao yana hatari, hata yakitoka safi huko yatokako.

Mwaka 1922 Wolman akawa mhandisi mkuu wa idara hiyo ya afya, akadumu hadi mwaka 1939. Mwaka 1937 alianza kuongoza idara mpya ya uhandisi wa afya pale Johns Hopkins, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 1962. Kwake profesa hakuwa mtu wa kujifungia na vitabu. Alikaa na mameya, akabishana nao juu ya fedha, akawaonyesha kwamba bwawa lijengwe kabla ya kiu. Serikali zaidi ya 50 zilitaka shauri lake, na Shirika la Afya Duniani likamtegemea.

Jambo moja alilolitetea linanigusa zaidi. Katika miaka ya 1940, kiwanda kikubwa cha chuma cha Bethlehem Steel, karibu na Baltimore, kilihitaji maji mengi ya kupozea mitambo. Badala ya kukipa maji ya kunywa, kilipewa maji taka ya mji yaliyokwisha kusafishwa. Kilichokuwa kero kikawa mali, na maji matamu yakabaki kwa watu.

Mwaka 1965 aliandika makala mashuhuri, akiutazama mji kama kiumbe chenye tumbo: kinakula, kinakunywa, na lazima kitoe. Alipiga hesabu ya mji wa Kimarekani wa watu milioni moja. Kwa siku moja uliingiza tani 625,000 za maji, tani 2,000 za chakula na tani 9,500 za kuni zake, yaani makaa, mafuta na gesi. Ukatoa tani 500,000 za maji taka, tani 2,000 za takataka, na tani 950 za moshi na vumbi. Akaonya kwamba miji hujisifu kwa kinachoingia, na hufumba macho kwa kinachotoka.

Tuitazame Mombasa kwa mizani hiyo. Maji yetu hutoka mbali: Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi. Na kinachotoka? Sehemu kubwa ya mji haina mifereji ya maji taka. Takataka kwa miaka mingi zilimwagwa hapa Kibarani, kando ya mkono wa bahari wa Makupa, zikafukiza moshi usiku na mchana, zikaizonga mikoko, na mafakiri wakachakura humo riziki yao. Kuanzia mwaka 2018 jaa lilifungwa, likafunikwa udongo na kupandwa miti. Tulishukuru, na tunashukuru. Lakini tumbo la mji halikufungwa siku ile. Takataka zilielekezwa Mwakirunge, ambako nako kuna watu wenye pua na watoto kama sisi. Kuhamisha jaa ni kumhamishia jirani moshi. Dawa ni kupima kinachotoka, kukipunguza, na kukitumia tena.

Wolman alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi mwaka 1974 na Tuzo ya Tyler mwaka 1976. Akaaga dunia tarehe 22 Februari, 1989, katika mji ule ule aliozaliwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu, lakini aliyoyashughulikia ni yale tunayofundishwa madrasa tangu utotoni, katika mlango wa kwanza kabisa wa vitabu vyetu vya fiqhi, mlango wa tohara. Sisi tunaoujua mlango huo kwa moyo ndio wa kwanza kupaswa kuuliza uchafu wetu unakwenda kwa nani.